Kukagua Mizinga Dhaifu Kabla ya Majira ya Baridi: Mwongozo Kamili

Mzinga unaokutwa kimya katikati ya baridi kwa kawaida uliharibika zamani, nyuki wakiwa bado wanaruka na mfugaji akidhani mambo ni shwari. Baridi peke yake ni nadra kuua kundi lenye afya, chakula na nyuki wa kutosha. Kinachoua ni njaa, utitiri (wadudu wadogo sana wanaoishi kwa kuwala nyuki), unyevu, malkia aliyechoka au uchache wa nyuki, na karibu vyote huonekana mapema kwa anayefungua mzinga akijua anachotafuta.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuukuta mzinga dhaifu, kuuwekea sukari, kuufunika vizuri na kuondoka. Sukari haiongezi nyuki. Blanketi haliui utitiri. Kabla ya kuusaidia mzinga dhaifu lazima ujue umedhoofishwa na nini, kisha uamue kwa ukali kidogo kama unastahili kuvushwa peke yake, kuunganishwa na mwingine, au kuvunjwa. Uamuzi huo una muda wake, na muda huo huisha kabla baridi haijaanza.

Anza na kalenda

Vibarua, yaani nyuki wafanyakazi, wanaozaliwa msimu wa joto huishi wiki 5 au 6. Wale wanaozaliwa mwishoni mwa msimu, malkia anapopunguza kutaga, wana akiba kubwa zaidi ya mafuta na protini mwilini, na hao huishi miezi 4 hadi 6. Ndio watakaokaa wamejibana wakitunza joto, ndio pia watakaolisha majana (watoto wa nyuki) ya kwanza ya msimu mpya. Wafugaji wengi huwaita nyuki wa baridi.

Kibarua huchukua siku 21 tangu yai hadi kutoka kwenye kijumba chake. Utitiri wa varoa huzaana ndani ya vijumba vilivyofunikwa, na hula tishu ileile ya mafuta ambayo nyuki wa baridi anaitegemea. Ukitibu baada ya nyuki hao kuzaliwa, utaua utitiri, lakini nyuki watabaki na miili iliyokwisha kuharibiwa na hawatafika mwisho wa baridi.

Chukua basi wiki ambayo baridi ya kudumu huingia unakoishi, yaani mchana haufiki tena nyuzi 10 za Selsiasi, kisha hesabu kurudi nyuma. Wiki 10 kabla, pima utitiri na anza dawa ikihitajika. Wiki 6 hadi 8 kabla, fanya ukaguzi kamili na utoe uamuzi. Wiki 3 au 4 kabla, ulishaji wa shira (maji mazito ya sukari) uwe umekwisha. Kwa sehemu kubwa ya nchi za baridi zilizo kaskazini mwa ikweta, kazi hii huangukia kati ya Agosti na mwanzo wa Oktoba. Kusini, kati ya Februari na Aprili.

Hatua ya 1: Tazama mlango kabla ya kufungua

Kaa pembeni ya mzinga dakika kumi, mchana wenye jua, kabla hujawasha moshi. Linganisha na mizinga ya jirani, maana hali ya hewa na maua ni vilevile kwa yote. Tofauti unayoiona ni ya kundi lenyewe.

Nyuki wanaoingia na chavua miguuni ni dalili njema, kwa sababu chavua huliwa zaidi na majana. Si ushahidi kamili, hata hivyo: kundi lisilo na malkia nalo huendelea kuleta chavua kwa muda. Dalili ninayoiamini zaidi ni madume. Mwisho wa msimu makundi yenye malkia mzuri huwakokota madume nje na kuwaacha wafe. Ukiona mzinga mmoja ungali umewabakiza wengi wakati majirani wamekwisha kuwafukuza, shuku kwamba hauna malkia, au malkia wake ameishiwa mbegu za kiume.

Tazama chini pia. Nyuki wanaotambaa na mabawa yaliyokunjamana ni ishara ya virusi vinavyosambazwa na varoa. Vipande vigumu vyeupe au vya kijivu, vya ukubwa wa buu, ni majana yaliyokaushwa na ukungu. Unga wa nta iliyotafunwa na nyuki wanaokamatana mlangoni ni dalili ya uporaji. Na hapa wengi hudanganyika: mzinga wenye pilikapilika kupita yote unaweza kuwa ndio unaoporwa. Nyuki wa nyumbani hutua na kuingia moja kwa moja. Mporaji huyumbayumba mbele ya mlango, hutafuta nyufa, na akitoka huwa mzito.

Hatua ya 2: Chagua siku, panga mpangilio

Subiri siku isiyo na upepo, joto likiwa nyuzi 15 au zaidi. Andaa kila kitu mapema: bomba la moshi, patasi, daftari, njiti za kiberiti, chupa ya kupimia utitiri, na kitambaa cha kufunikia fremu (viunzi vya mbao vinavyoshika masega) zilizo wazi. Maua yameadimika wakati huu, kwa hiyo harufu ya asali iliyomwagika huvuta waporaji na nyigu kwa dakika chache. Fanya kazi haraka na usiache sega nje.

Anza na mizinga yenye nguvu, malizia na dhaifu. Kama udhaifu umeletwa na ugonjwa, hutausambaza kwa patasi na glavu. Ukifungua dhaifu alasiri, waporaji nao watakuwa na saa chache tu za kusumbua kabla giza halijaingia.

Hatua ya 3: Hesabu nyuki, usihesabu masanduku

Mzinga wenye masanduku matatu unaweza kuwa na nyuki wa kujaza nusu sanduku. Hesabu fremu zilizofunikwa na nyuki pande zote mbili. Wakati mzuri wa hesabu hii, isiyotaka kutoa fremu, ni asubuhi yenye ubaridi, kabla nyuki wa malishoni hawajatoka: inua kifuniko, chungulia nafasi kati ya fremu, kisha inamisha sanduku kidogo uone kama bonge la nyuki limeteremka mpaka chini.

Kwenye mzinga wa Langstroth, ule wa masanduku na fremu, fremu kubwa iliyofunikwa vizuri pande zote hubeba takriban nyuki 2,000. Kipimo ninachokitumia, wiki zile 6 hadi 8 kabla ya baridi, ni hiki. Fremu 8 au zaidi, kundi liko sawa kwa idadi. Fremu 5 hadi 7, linaweza kuvuka likipunguziwa nafasi na kama mengine yote ni mazuri. Chini ya 5, kulivusha peke yake ni kamari, isipokuwa baridi ya kwenu ni fupi au una mzinga mdogo uliotengenezwa kwa kazi hiyo.

Sababu ni ya kifizikia. Joto likishuka chini ya nyuzi 14 hivi, nyuki hujibana kuwa bonge. Walio nje hugeuka kizuizi cha joto, walio ndani hutetemesha misuli ya mabawa na kuzalisha joto. Palipo na majana katikati hukaa kwenye nyuzi 34 au 35. Bonge dogo lina nyuki wengi wa nje kuliko wa ndani, kwa hiyo kila nyuki hula zaidi na huchoka upesi. Bonge dogo pia hushindwa kuhama kufuata asali. Ndiyo maana makundi madogo hufa njaa asali ikiwa pembeni kidogo tu.

Hatua ya 4: Soma majana

Hapa ndipo ukaguzi wenyewe ulipo. Chukua fremu ya katikati, lipe jua mgongo, na uangalie ndani ya vijumba.

Mayai kwanza. Yai moja katikati ya sakafu ya kijumba, limesimama au limelala, maana yake malkia alikuwepo ndani ya siku 3 zilizopita, na huna haja ya kumtafuta mwenyewe. Mayai mawili matatu au zaidi kwenye kijumba kimoja, mengine yamebandikwa ukutani, ni kazi ya vibarua wanaotaga kwa kukosa malkia. Malkia kijana naye mwanzoni huweza kutaga mawili, ila yake huwa sakafuni.

Kisha vifuniko. Majana ya vibarua yana vifuniko bapa, rangi ya kahawia, vimepangana karibu bila mapengo. Vifuniko vilivyovimba juu ya vijumba vidogo vya vibarua ni madume waliozaliwa mahali pasipo pao: malkia ameishiwa mbegu, au vibarua wanataga. Kundi la namna hii halina mustakabali, hata likiwa na asali tele.

Majana yaliyotawanyika yenye mapengo mengi hayana jibu moja. Yanaweza kuwa malkia mbovu, utitiri mwingi, ugonjwa, au nyuki waliotoa majana yaliyoguswa na varoa. Na usilichanganye hilo na upungufu wa kawaida: mwishoni mwa msimu eneo la majana husinyaa, na asali huanza kujaa pale mayai yalipokuwa. Kundi lenye fremu 2 au 3 za majana mazuri wakati huu linaweza kuwa zima kabisa. Ukikuta hakuna majana hata kidogo, angalia jirani. Kama mizinga yote imesimama kutaga kwa sababu ya ukame wa maua, huo ni msimu. Kama ni huo mmoja tu, una tatizo.

Usitegemee kundi lijitengenezee malkia mpya wakati huu. Malkia huchukua siku 16 kutoka kijumbani, kisha anahitaji siku nyingine za kukomaa, hali ya hewa ya joto, na madume wa kumpanda angani. Madume wamefukuzwa. Ama umnunue malkia aliyekwisha kupandwa mapema, ama uunganishe.

Hatua ya 5: Tafuta magonjwa, kabla hujahamisha fremu yoyote

Usimpe mzinga mwingine fremu, wala usiunganishe, mpaka hatua hii ipite.

Tafuta vifuniko vilivyobonyea, vyeusi au vyenye unyevu, vilivyotobolewa bila mpangilio. Ukikiona kimoja, ingiza njiti ya kiberiti ndani, zungusha, kisha vuta polepole. Ute wa kahawia ukifuata njiti kama uzi kwa sentimita 2 au zaidi, shuku ugonjwa wa kuoza majana wa Kimarekani, unaoletwa na bakteria Paenibacillus larvae. Dalili nyingine ni magamba meusi yaliyogandamana chini ya vijumba na kukataa kutoka. Mbegu za bakteria huyu hubaki hai kwenye masega na mbao kwa miongo kadhaa, ndiyo maana nchi nyingi hutaka utoe taarifa kwa mamlaka na mizinga iliyoathirika ichomwe. Funga mzinga, punguza mlango, osha vifaa, piga simu kwa mkaguzi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kitawafikia pia nyuki wa majirani.

Ugonjwa wa kuoza wa Ulaya, wa bakteria Melissococcus plutonius, kwa kawaida hupiga mabuu yakiwa bado wazi: hupinda vibaya ndani ya kijumba, hugeuka manjano kisha kahawia, na njiti haivuti uzi mrefu. Sheria zake hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini huu nao haufai kuhamishwa kwa fremu.

Madoa ya kinyesi juu ya fremu na mlangoni huashiria tumbo la kuendesha. Huenda ni nosema, ugonjwa wa vimelea vya utumbo, huenda ni chakula kibaya. Macho peke yake hayaamui, inahitaji hadubini. Nondo wa nta na mbawakawa wadogo wa mzingani usiwalaumu kwanza. Kundi imara huwadhibiti. Wakishatamalaki, udhaifu ulitangulia.

Hatua ya 6: Pima utitiri, usikadirie

Ukiona utitiri kwa macho juu ya migongo ya nyuki, umechelewa sana. Sehemu kubwa yake imejificha ndani ya vijumba, na iliyo juu ya nyuki wazima mara nyingi hujibana chini ya tumbo. Pima kwa kuosha kwa spiriti.

Chukua fremu yenye majana ya wazi. Hakikisha malkia hayupo juu yake. Angalia mara mbili. Kung'uta nyuki kwenye beseni, chota nusu kikombe, yaani takriban mililita 120, ambayo ni karibu nyuki 300. Watie kwenye chupa yenye spiriti na kichujio, tikisa kwa dakika moja, kisha hesabu vidoa vyekundu vya kahawia vilivyoshuka chini. Gawanya kwa 3 upate idadi kwa kila nyuki 100. Utitiri 9 kwenye nyuki 300 ni asilimia 3, na kabla ya baridi hiyo ni hali inayodai dawa. Wengi siku hizi huchukua hatua hata kwenye asilimia 2, nami nakubaliana nao: kundi dhaifu halina nyuki wa akiba wa kupoteza.

Najua inauma kuua nyuki 300 kwenye mzinga ambao tayari hauna watu. Unaweza kutumia sukari ya unga badala ya spiriti, ukawatikisa na kuwarudisha wakiwa hai, ila kipimo hicho mara nyingi hutoa idadi ndogo kuliko hali halisi. Mzinga wenye fremu 5 za nyuki una nyuki kama 10,000. Hao 300 hawatauangusha, utitiri usiopimwa utauangusha.

Dawa huchaguliwa kwa joto na kwa uwepo wa majana. Asidi ya fomiki hupenya vifuniko na kuua utitiri ndani ya vijumba, lakini hutaka joto la mchana kati ya nyuzi 10 na 29 hivi, na huweza kuua malkia, hasa joto likizidi. Soma lebo ikuambie idadi ya chini ya nyuki. Thaimoli hufanya kazi vizuri joto likiwa juu ya nyuzi 15. Vipande vya amitrazi hukaa mzingani wiki 6 hadi 8, na masanduku ya asali ya kuvuna yawe yameondolewa. Asidi ya oksaliki haipenyi vifuniko, kwa hiyo nguvu yake ni pale kundi lisipokuwa na majana kabisa, mwishoni mwa msimu au katikati ya baridi. Kwa njia ya kudondosha, kipimo kilichozoeleka ni mililita 5 kwa kila nafasi yenye nyuki, bila kuzidi mililita 50 kwa kundi. Vaa glavu, miwani, na barakoa ya mvuke inapohitajika. Tumia dawa iliyosajiliwa nchini mwako tu, kwa kipimo cha lebo.

Dawa ikiisha, pima tena. Utitiri unaweza kuwa sugu, na mzinga wako dhaifu unaweza kuwa umeenda kupora kundi la jirani linalokufa na kurudi na shehena ya utitiri mpya.

Hatua ya 7: Chakula

Ambako baridi ni fupi na ya wastani, kundi hutaka kilo 18 hadi 20 za asali. Ambako ni ndefu na kali, kilo 27 hadi 40. Fremu kubwa ya Langstroth iliyojaa na kufunikwa pande zote ina kilo 2.5 hadi 3. Kundi dogo litakula kidogo kwa jumla, ila usilitilie hesabu ya nusu kwa nusu, kwa sababu iliyoelezwa juu.

Kwa ukaguzi usiofungua mzinga, ning'iniza mizani upande mmoja, inua kidogo tu, andika. Fanya upande wa pili, jumlisha. Toa uzito wa mbao, masega na nyuki. Ukizoea, mkono wenyewe utakuambia: mzinga wenye chakula hukataa kunyanyuka.

Mahali asali ilipo ni muhimu sawa na wingi wake. Nyuki waanze baridi wakiwa chini, asali ikiwa juu na ubavuni mwao. Kwenye kundi dogo, sogeza fremu za asali zigusane na bonge.

Uamuzi

Sasa una daftari lenye majibu matano: idadi ya nyuki, malkia, ugonjwa, utitiri, chakula. Tatizo likiwa chakula peke yake, lisha. Hiyo ndiyo hali rahisi kupita zote. Tatizo likiwa malkia, na nyuki wako fremu 5 au zaidi wenye utitiri mdogo, mpe malkia mpya kama bado yupo wa kununua: muue wa zamani, weka kizimba cha mpya kati ya fremu za majana, acha nyuki wale sukari inayoziba mlango wa kizimba wamtoe wenyewe, usifungue kwa wiki moja, kisha tafuta mayai.

Tatizo likiwa uchache wa nyuki tu, na kundi ni safi, unganisha na kundi imara. Usiunganishe dhaifu wawili ukitegemea kupata imara mmoja; kile kilichowadhoofisha wote wawili mara nyingi huhamia nao.

Utitiri ukiwa mwingi na nyuki wachache wenye mabawa yaliyolemaa, kuunganisha ni kumpelekea jirani msiba. Tibu kwanza, pima tena, ndipo ufikirie. Wengi wa nyuki hao hawataishi hata hivyo, na kuna siku uamuzi wa busara ni kuliacha kundi liende, ukafunga mlango lisiporwe. Kundi la vibarua wanaotaga nalo usiliunganishe moja kwa moja, linaweza kumuua malkia wa mwenyeji. Kama halina ugonjwa, kung'uta nyuki wote kwenye nyasi, hatua kadhaa mbele ya mizinga imara, siku ya joto, na uondoe sanduku lao la zamani. Walio wazima wataomba hifadhi mlangoni, wengi watapokelewa.

Ni vigumu kuvunja kundi ulilolilea msimu mzima. Lakini sukari, dawa na muda unaoutia kwenye mzinga usiovuka ungeweza kuimarisha ule utakaovuka, na msimu mpya ukianza utaugawa uwe miwili.

Namna ya kuunganisha kwa gazeti

Siku moja kabla, muue malkia asiyetakiwa. Kwa kawaida ni wa kundi dhaifu, lakini amini majana, usiamini umri. Kama mizinga iko mbali kidogo ndani ya manzuki (eneo la mizinga) ileile, isogeze polepole kwa siku kadhaa, chini ya mita moja kila mara, la sivyo nyuki wa malishoni watarudi walikozoea.

Jioni, nyuki wakiwa wamerudi, fungua mzinga imara, tandaza karatasi moja ya gazeti juu ya fremu, itoboe vitundu vidogo vichache kwa msumari. Weka sanduku la kundi dhaifu juu yake, funga kifuniko. Mlango ni wa chini tu. Nyuki watatafuna karatasi taratibu, harufu zao zikichanganyika, na baada ya siku 2 au 3 utaona vipande vya karatasi mlangoni. Waache wiki nzima. Ukirudi, hakikisha kuna mayai, kusanya majana pamoja chini, panga asali juu, na uondoe sanduku la ziada. Ondoa pia kiti cha mzinga wa zamani, wasiwepo wa kukizungukazunguka.

Kulisha

Changanya kilo 2 za sukari nyeupe kwa lita 1 ya maji ya moto. Usichemshe sukari ikaungua, na usitumie sukari ya kahawia, huwaharibu tumbo wakati hawawezi kutoka nje kujisaidia. Shira nyepesi ya nusu kwa nusu si ya wakati huu. Nyuki watatumia nguvu nyingi kuikausha. Usiwape asali ya mizinga usiyoijua, kwa sababu ya bakteria tuliyemtaja. Lisha ndani ya mzinga, jioni, mlango ukiwa umepunguzwa. Toa nyingi kwa muda mfupi badala ya kidogo kidogo, waweze kuihifadhi na kuifunika. Joto likishuka chini ya nyuzi 10, acha shira. Kuanzia hapo ni sukari ngumu au kavu, ikiwekwa juu ya fremu moja kwa moja.

Kufunga mzinga kwa ajili ya baridi

Punguza masanduku mpaka nyuki wajaze nafasi waliyonayo. Kwenye sanduku kubwa weka ubao wa kugawa pembeni mwa fremu za mwisho. Makundi mawili madogo yanaweza kukaa bega kwa bega, yakitenganishwa na ubao, juu ya mzinga imara, kukiwa na wavu wa tabaka mbili katikati, yakapata joto linalopanda kutoka chini.

Ondoa wavu wa kumzuia malkia. Bonge hupanda kufuata asali, na malkia akizuiwa chini atakufa kwa baridi. Weka kizuizi cha panya chenye matundu ya milimita 9 au 10 kabla panya hajaingia, kwa sababu ukimfungia ndani umemjengea nyumba. Punguza mlango. Weka kinga ya joto juu, chini ya kifuniko: nyuki wakila asali hutoa mvuke, na mvuke ukigusa kifuniko baridi hurudi kama matone juu ya bonge. Nyuki mkavu huvumilia baridi nyingi, aliyelowa hafiki asubuhi. Inamisha mzinga mbele kidogo maji yatoke, kinga upepo, funga kwa mkanda.

Baridi ikishaingia

Usifungue. Nyanyua upande wa nyuma kila baada ya wiki kadhaa kuhisi uzito, safisha nyuki waliokufa mlangoni kwa waya, gonga ukutani mara moja na usikilize mlio ukipanda na kushuka. Hatari kubwa ya njaa huja baridi inapoelekea kwisha, malkia anapoanza kutaga tena na matumizi kupanda. Mzinga ukiwa mwepesi, subiri mchana tulivu, inua kifuniko sekunde chache, weka sukari ngumu juu ya bonge, funga.

Mzinga ukifa, funga mlango siku hiyohiyo usiporwe, kisha upekue. Nyuki waliozamisha vichwa ndani ya vijumba vitupu walikufa njaa. Nyuki wachache sana, asali nyingi, na vidoa vyeupe kwenye dari za vijumba vilivyokuwa na majana, hiyo ni varoa. Bonge lililolowa na kuota ukungu juu linaelekeza kwenye unyevu, ingawa ukungu pia huja baada ya kifo. Masega ya mzinga uliokufa njaa yanaweza kupewa kundi lingine msimu ukifika. Yenye magamba yaliyogandamana chini ya vijumba yasiguswe na nyuki yeyote mpaka mkaguzi ayaone.